Mawese: Wekundu unaopotea kiwandani ndio hazina ya afya

MAFUTA ya kupima yanayouzwa katika vibanda vingi vya mitaani nchini Kenya hayana rangi ya kutajika. Ni ya manjano hafifu, hayana harufu, na mpishi hayasikii ladha yake katika sukuma wiki wala katika chapati. Mjini Kigoma, magharibi mwa Tanzania, mama anayepika migebuka au dagaa wa Ziwa Tanganyika hutia chunguni mafuta ya aina nyingine kabisa. Ni mekundu yanayokaribia rangi ya chungwa, ni mazito, na harufu yake hutangulia chakula mezani.

Mtu anayeyaona mafuta hayo kwa mara ya kwanza hudhani hayana uhusiano wowote. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia yanayotumiwa humu nchini hutokana na tunda lile lile la mchikichi linalowapa wakazi wa Kigoma mawese yao. Tofauti imo katika yale yanayoyapata mafuta hayo kiwandani. Wekundu unaoondolewa ili mafuta yapendeze machoni ndio ulio na utajiri mkubwa wa kumkinga mtoto dhidi ya upofu na maradhi.

Mti na tunda lake

Mchikichi, ambao wanasayansi huuita Elaeis guineensis, ni mti wa jamii moja na mnazi na mtende. Asili yake ni Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, ambako watu wameutegemea kwa chakula tangu kale. Mikungu yake hukaa karibu na kilele, na kila mkungu huwa na mamia ya matunda madogo yaliyobanana, ambayo hugeuka kuwa mekundu au ya rangi ya chungwa yanapoiva.

Chikichi moja hutoa mafuta ya aina mbili. Ya kwanza hukamuliwa kutoka kwa nyama ya nje ya tunda, nayo ndiyo mawese. Ya pili hutoka katika kiini kilichomo ndani ya kokwa ngumu. Hayo huwa meupe au ya manjano hafifu na hutumiwa sana kutengeneza sabuni, vipodozi na vitamutamu vya viwandani. Kuchanganya aina hizi mbili ni kosa linalofanywa mara kwa mara, ilhali manufaa yake kwa mwili hayafanani hata kidogo.

Mwaka wa 1848, miche minne ya mchikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, katika kisiwa cha Java. Mnamo 1911, mfanyabiashara wa sabuni kutoka Uingereza, William Lever, alipewa na serikali ya Ubelgiji idhini ya kuvuna michikichi katika maeneo makubwa ya Congo. Mwaka wa 1917, shamba la kwanza la biashara lilianzishwa katika jimbo la Selangor, Malaysia. Leo Indonesia na Malaysia kwa pamoja huzalisha zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya mchikichi yanayouzwa ulimwenguni, na ni kutoka huko ambako viwanda vya Kenya hununua malighafi yake kwa wingi. Mti ulioondoka Afrika ukiwa mche umerejea ukiwa shehena ya meli.

Katika ukanda huu, michikichi hustawi kandokando ya Ziwa Tanganyika, Kigoma nchini Tanzania na Rumonge nchini Burundi, na pia mashariki mwa Congo. Nchini Uganda, mashamba makubwa yalianzishwa katika visiwa vya Kalangala, Ziwa Victoria, ingawa upanzi huo umelaumiwa kwa kumaliza misitu ya asili. Nchini Kenya, majaribio ya aina zinazostahimili baridi yamefanywa katika eneo la magharibi, hasa Busia.

Yaliyomo ndani ya mawese

Rangi ya mawese hutokana na karotini, kiini kile kile kinachoipa karoti rangi yake. Kilo moja ya mawese ambayo hayajasafishwa kiwandani huwa na takriban miligramu 500 hadi 700 za karotini. Sehemu kubwa ni aina mbili, alfa na beta, ambazo mwili una uwezo wa kuzigeuza kuwa vitamini A.

Aidha, mawese yana vitamini E kwa wingi, kati ya miligramu 600 na 1,000 katika kilo moja. Vitamini hii huzuia mafuta yasichache upesi, na mwilini husaidia kulinda chembechembe zisiharibiwe.

Upande wa mafuta yenyewe, karibu nusu ni ya aina inayoganda kwa urahisi, hasa asidi iitwayo palmitiki, ambayo peke yake ni takriban asilimia 44. Asilimia 40 hivi ni asidi ya oleiki, ambayo ndiyo iliyojaa katika mafuta ya zeituni. Asilimia 10 ni asidi ya linoleiki, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Mchanganyiko huo ndio unaofanya mawese yaanze kugandamana yakiwa kwenye rafu wakati wa kipupwe. Kuganda huko si dalili ya kuharibika.

Mafuta ya kiini ni mambo mengine. Zaidi ya asilimia 80 ni ya kuganda, na hayana karotini ya kutajika. Sifa za mawese mekundu haziyahusu.

Kwa nini vitamini A

Mwili unahitaji vitamini A ili macho yaone katika mwanga hafifu, ngozi na utando wa ndani wa njia ya hewa na matumbo uwe imara, na kinga dhidi ya maradhi ifanye kazi. Dalili ya awali ya upungufu wake mara nyingi ni mtoto kushindwa kuona jua linapotua. Huanza kujikwaa katika nyumba anayoijua, na hushindwa kukiona chakula chake kwenye sahani. Asipotibiwa, macho hukauka, kioo cha jicho hupata vidonda, na upofu unaofuata hauponi.

Hata kabla ya macho kudhurika, upungufu huo hudhoofisha kinga ya mwili kimyakimya. Ukambi na kuhara, ambavyo mtoto mwenye lishe bora huweza kuvishinda, humwua mwenzake aliyepungukiwa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba kati ya watoto 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka kwa sababu hiyo, na kwamba nusu yao hufariki katika muda wa miezi 12 baada ya kupofuka.

Mahitaji yenyewe si makubwa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji maikrogramu 300 za vitamini A kwa siku. Mwanamke mzima anahitaji 700, na anayenyonyesha huhitaji 1,300. Mboga za majani na matunda ya manjano yana karotini, lakini karotini ya mboga hufyonzwa kwa shida, hasa chakula kinapokosa mafuta. Wataalamu hukadiria kwamba maikrogramu 12 za beta-karotini kutoka kwa mboga na matunda huupa mwili maikrogramu moja tu ya vitamini A. Karotini iliyoyeyushwa katika mafuta huhitajika maikrogramu mbili tu ili kupata kiasi hicho hicho.

Hapo ndipo ulipo ubora wa mawese. Karotini yake imekwisha kuyeyuka katika mafuta, tayari kufyonzwa. Kijiko kimoja cha chai cha mawese mazuri huwa na zaidi ya maikrogramu 2,000 za karotini. Hata ikichukuliwa kwamba baadhi yake itapotea chunguni, kiasi kinachobaki huweza kutosheleza sehemu kubwa ya mahitaji ya mtoto mdogo kwa siku.

Ushahidi wa utafiti

Sifa hizo zimepimwa nyanjani. Nchini Burkina Faso, mradi mmoja uliwahimiza akina mama wa maeneo ambako mchikichi haumei wanunue mawese kutoka sehemu nyingine za nchi na kuyatumia katika chakula cha nyumbani. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka wa 2003, yalionyesha kwamba baada ya miezi 24, akina mama wenye kiwango cha chini cha vitamini A katika damu walipungua kutoka asilimia 61.8 hadi asilimia 28. Miongoni mwa watoto, upungufu ulishuka kutoka asilimia 84.5 hadi 66.9. Katika utafiti mwingine nchini humo, wanafunzi walitiliwa mililita 15 za mawese katika chakula cha mchana mara tatu kwa wiki. Upungufu ulipungua kwa kiasi kikubwa katika muda wa mwaka mmoja wa masomo.

Nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2001 uliwahusisha wanawake wajawazito wa mashambani. Baadhi yao walipewa mawese na wengine mafuta ya alizeti, kuanzia miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito hadi miezi mitatu baada ya kujifungua. Waliopewa mawese walikuwa na karotini nyingi zaidi katika damu na katika maziwa yao. Maana yake ni kwamba kinachotiwa katika chungu cha mama humfikia pia mtoto anayenyonya.

Nako Afrika Kusini, wanafunzi wa shule za msingi walipewa biskuti zilizotengenezwa kwa mawese. Biskuti hizo zilifanya kazi sawa na zile zilizotiwa beta-karotini ya kiwandani.

Tafiti hizi hazisemi kwamba mawese hutibu kila maradhi. Zinathibitisha jambo moja: pale ambapo vitamini A imepungua, mafuta haya huongeza kiwango chake mwilini. Madai kwamba hutibu saratani, kisukari au shinikizo la damu hayana ushahidi wa namna hiyo.

Rangi inakopotelea

Mafuta ghafi yanapofika kiwandani, huondolewa kwanza utando na uchafu. Kisha huchanganywa na udongo maalumu unaofyonza rangi. Hatimaye hupitishiwa mvuke katika joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi ili kuondoa harufu. Hatua hizo huyapa mafuta maisha marefu rafuni na ladha isiyoingilia chakula, lakini karotini karibu yote huteketea au hubaki katika ule udongo.

Joto hilo lina athari nyingine. Mwaka wa 2016, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa ripoti kwamba mafuta ya mimea, hasa ya mchikichi, yanaposafishwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200 hutoa kemikali zinazoweza kudhuru afya. Tangu hapo viwanda vingi vimebadilisha namna ya kusafisha ili kuzipunguza.

Ili kufidia vitamini iliyopotea na kupambana na upungufu kwa jumla, Kenya mnamo 2012 iliweka sheria inayowataka watengenezaji wa mafuta ya kupikia kuyaongezea vitamini A. Ni hatua yenye manufaa, kwa kuwa hufikia takriban kila jiko bila kumtaka mpishi abadilishe mapishi yake. Hata hivyo, vitamini hiyo huharibiwa na mwanga na hewa. Mafuta yanayopimwa kutoka mtungi ulio wazi, au yanayoanikwa juani katika chupa nyeupe, huweza kuipoteza kabla ya kufika nyumbani. Mnunuzi anafaa kutafuta paketi au chupa iliyofungwa na yenye alama ya chakula kilichoongezewa virutubisho.

Kadhalika, watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano nchini hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Wa chini ya mwaka mmoja hupewa uniti 100,000, na waliozidi mwaka hupewa 200,000. Mawese si badala ya matone hayo. Mzazi hafai kuacha kumpeleka mtoto kliniki kwa sababu amepata mafuta mekundu.

Tahadhari kwa moyo

Mizani ina pande mbili. Ile nusu ya mawese ambayo ni mafuta ya kuganda ndiyo inayowatia wasiwasi madaktari wa moyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba mafuta ya mchikichi, yakilinganishwa na mafuta mengine ya mimea yenye kiasi kidogo cha mafuta ya kuganda, huongeza kolesteroli mbaya katika damu kwa wastani wa milimoli 0.24 kwa lita. Mafuta ya alizeti, soya na mahindi ni mepesi zaidi kwa moyo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2023, linapendekeza kwamba mafuta ya kuganda yasizidi asilimia 10 ya nguvu zinazotokana na chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni gramu 22 hivi. Kijiko kimoja cha mezani cha mawese kina takriban kalori 120 na gramu saba za mafuta ya kuganda, yaani karibu theluthi ya kiwango hicho. Anayekula pia nyama yenye mafuta, maziwa, siagi na tui zito la nazi atajaza kiwango chake upesi.

Kwa hivyo hesabu hutegemea mlaji. Mtoto wa kijijini anayekula uji mtupu na ugali kwa mboga zisizo na mafuta hufaidika kwa kijiko cha mawese, kwa kuwa hupata nguvu na vitamini kwa pamoja. Mtu mzima wa mjini mwenye uzani mkubwa au kolesteroli nyingi, anayekula vibanzi na maandazi kila siku, hana sababu ya kuongeza mawese juu ya mafuta anayoyatumia. Akiyapenda, yachukue nafasi ya mafuta mengine, tena kwa kiasi, na baada ya kushauriana na daktari wake.

Chakula si vidonge

Kuna funzo lililopatikana kwa gharama kubwa kuhusu karotini. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishirikishwa katika utafiti ambapo baadhi yao walipewa vidonge vya miligramu 20 za beta-karotini kila siku, kwa matumaini kwamba vingewakinga dhidi ya saratani ya mapafu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 1994 yaliwashangaza watafiti: waliopewa vidonge waliugua saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi.

Utafiti huo haukuhusu mawese, wala haukuhusu karotini inayopatikana katika chakula cha kawaida. Lakini unaonya dhidi ya mazoea ya kuchukua kiini kimoja cha chakula, kukikoleza, kukitia katika kidonge na kukiuza kama dawa. Karotini ya chakula ina usalama wake: mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji. Anayekula kupita kiasi huenda akabadilika rangi ya viganja vikawa vya manjano, hali isiyo na madhara na ambayo hutoweka. Vitamini A iliyo tayari, ikizidi, hudhuru ini, na kwa mjamzito huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kununua na kuhifadhi

Mawese mazuri huwa na rangi ya chungwa au wekundu uliokolea, na harufu ya tunda isiyokuwa kali. Yakikwaruza koo au kunuka uchachu, huenda matunda yalikaa muda mrefu baada ya kuvunwa. Nyama ya chikichi ina kimeng'enya kinachoanza kuyavunja mafuta tunda linapopondeka, na ndiyo sababu wakamuaji hodari huyachemsha matunda upesi kabla ya kuyaponda.

Wekundu wa kupindukia nao ni wa kutiliwa shaka. Mwaka wa 2015, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Ghana ilitangaza kwamba ilipata rangi ya viwandani iitwayo Sudan IV katika mawese yaliyokuwa yakiuzwa sokoni. Rangi hiyo hairuhusiwi katika chakula kwa kuwa inashukiwa kusababisha saratani. Ni heri kununua kwa muuzaji anayejulikana.

Nyumbani, mafuta yawekwe katika chombo kilichofunikwa, mahali pasipo jua wala joto. Wakati wa kupika, yasiachwe motoni hadi yakatoa moshi na kupauka, kama wafanyavyo baadhi ya wapishi ili kupunguza harufu. Rangi inapotoweka, karotini nayo imetoweka. Njia bora ni kuyatia chakula kinapokaribia kuiva: katika maharagwe, katika sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, au katika mchuzi wa samaki. Kwa mtoto aliyezidi miezi sita, kijiko cha chai kinaweza kukorogwa katika uji au viazi vilivyopondwa. Mafuta yaliyokwisha kutumiwa kukaangia yasirudiwe mara kwa mara.

Kwa Mkenya asiyeweza kupata mawese karibu naye, karotini haijamkimbia. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maembe, mapapai, malenge, kunde na mchicha vyote vinayo, mradi vipikwe au viliwe pamoja na mafuta kidogo. Lakini anayekutana na chupa ya mafuta mekundu sokoni, na kudhani kwamba ni bidhaa duni ambayo haijafika kiwandani kutakaswa, afahamu kwamba katika wekundu ule mna kile ambacho sheria ya nchi hulazimika kukirudisha katika mafuta meupe.